Nionyeshe Lilipo Kosa

Karatasi ilirudi na kumi na moja kwa thelathini. Juu kabisa, kando ya jina langu, kulikuwa na tiki moja ndogo, iliyochoka, kana kwamba mwalimu alikubali kwamba angalau jina nililipata. Kurasa sita nilizoandika kwa mkono, wiki nzima, taa ya sebuleni ikiwaka mpaka mume wangu akaniuliza kama naandika Biblia upya, na kilichorudi kilikuwa nambari na tiki.

Nilipekua kurasa zote. Nikazipekua tena kuanzia nyuma. Ule wa mwisho niliuinua nikauelekeza kwenye taa ya darasa, nikidhani labda kuna neno limeandikwa kwa maji ya ndimu kama barua za majasusi. Hakukuwa na neno.

Jirani yangu wa dawati alikuwa mwanamume mkubwa kutoka upande wa Kakamega, mwenye mikono kama milango, aliyeendesha mashini ya kufunga makopo katika kiwanda kimoja cha chakula pale Thika. Alichungulia karatasi yangu bila aibu.

"Mathe, ngapi?"

"Kumi na moja."

"Mimi tisa. Wewe ndiye profesa wa hii dawati."

Akacheka mpaka kiti kikalia. Yeye alikuwa na haki ya kucheka, maana hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kusoma somo hilo. Mimi ilikuwa ya tatu. Somo lenyewe lilikuwa mbinu za utafiti, na nilikuwa nimeanguka mara mbili tayari. Kanuni ya chuo ilibandikwa mlangoni kwa herufi kubwa: anayeanguka somo moja mara tatu anaondolewa. Haongezewi muda, hapewi hata barua ya pole. Miaka mitatu na nusu ya kutoka kiwandani saa kumi jioni na kukimbilia Ruiru vumbi la pamba likiwa bado kwenye nyusi, yote ingezama ndani ya somo ambalo hakuna aliyewahi kuniambia nalikosea wapi.

Chuo chetu kilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la magodoro. Watu walituita shule ya usiku, ingawa tulianza saa kumi na moja na nusu na saa mbili tulikuwa tumemaliza. Tulikuwa walinzi, makarani, wahudumu wa hospitali, wauza mitumba. Mtu akipiga mwayo mstari wa mbele, mwayo ule ulitembea dawati kwa dawati mpaka ukutani, ukageuka, ukarudi kwa mwenyewe. Nimeuona ukizunguka mara tatu, na mara ya tatu ulikuwa umenenepa. Lakini tulikuja. Mvua ya Aprili ilitukuta tukija.

Binti yangu wa mwisho wakati huo alikuwa gredi ya pili, shule moja hapo Ngoingwa. Mwalimu wake alimwandikia kwenye daftari: "Herufi hii imegeuka. Rudia mstari wa tatu." Mtoto wa miaka saba anaonyeshwa kosa lake kwa kidole. Mimi, mama wa watoto watatu, mlipa kodi, mtu anayesalimiwa na chifu, naandikiwa kumi na moja na kuachwa nikisie.

Hapa lazima nieleze kazi yangu, maana bila hiyo hutaelewa nilichofanya, na kuna walimu ambao mpaka leo hawajaelewa. Mimi ni mkaguzi wa vitambaa katika kiwanda kimoja kule eneo la viwanda. Kitambaa kikitoka kwenye mashini za kufuma hupitishwa juu ya meza yangu ya kioo, yenye taa chini yake, nami nakitazama kikipita mita baada ya mita, siku nzima. Nimetazama kitambaa cha kutosha kuivika dunia na kubakisha cha pazia. Nikiona kasoro, labda uzi uliokatika au doa la mafuta, sisemi "jora hili ni baya." Mkaguzi anayesema hivyo hamalizi wiki. Nasimamisha meza, nafunga kipande cha uzi mwekundu kwenye ukingo wa kitambaa, sambamba na kasoro yenyewe, kisha namwita mfumaji aje aone wakati mashini yake ingali inafanya kazi. Anakuja amenuna. Anainama, anaona, anarudi kurekebisha. Uzi ule hauna maana nyingine: ni hapa, ndugu yangu, njoo utazame.

Mfumaji naye ana haki yake. Akikuta nimefunga uzi pasipo na kosa, anaukata kwa mkasi wake na kuniwekea mezani mbele ya watu. Nimewekewa nyuzi mezani mara chache. Mtu hasahau.

Basi Jumapili, baada ya kanisa, nilikaa na kazi yangu ya kumi na moja kwa thelathini, sindano mkononi, nikaikagua kama jora. Kila nilipohisi pana kosa nilitoboa ukingo wa karatasi nikafunga uzi mwekundu. Nilipomaliza kulikuwa na nyuzi kumi na tisa. Nikabandika barua fupi mbele: "Mwalimu, nimefunga ninapodhani nimekosea. Kata pasipo na kosa, na ufunge nilipopita bila kuona." Jumatatu nikaiacha kwenye kisanduku cha mwalimu pale mapokezi, nikapanda ngazi na furaha ya mtu aliyevumbua umeme.

Ile barua ilibanduka. Sijui iliangukia wapi. Kilichomfikia mwalimu kilikuwa karatasi ya mwanafunzi anayejulikana kuwa ameanguka mara mbili, bila maelezo yoyote, na nyuzi nyekundu kumi na tisa zikining'inia pembeni.

Jumanne dada wa mapokezi alinisimamisha akiwa mbali.

"Mama, unaitwa kwa mkuu wa idara. Saa hii. Na tafadhali usishike hii meza."

"Kuna nini?"

"Si wewe ndiye unajua kuna nini."

Niliingia. Mkuu wa idara, mzee mpole wa miwani, alikuwa amesukuma kiti chake nyuma mpaka kikagusa ukuta. Mwalimu wa uhasibu, mtu wa digrii tatu, alikuwa ameinua karatasi yangu kwa rula mbili, kama anayetoa panya kwenye uji. Na karibu na dirisha, mkoba ameukumbatia kifuani, alisimama mwalimu wangu wa mbinu za utafiti, mwanamke mdogo kwangu kwa kama miaka kumi. Niliambiwa baadaye kwamba kabla sijafika kulikuwa kumefanywa maombi, na kwamba mtu fulani alipendekeza karatasi ichomwe nje ya geti, upande ambao upepo hauelekei chuoni.

"Mama," akasema mkuu wa idara, "hii ni nini?"

"Ni asainmenti yangu."

"Na hizi nyuzi?"

"Ni makosa."

"Makosa ya nani?"

"Yangu. Lakini sina hakika nayo. Ndiyo maana nikamletea mwalimu ayaangalie."

"Uui!" mwalimu wangu akasema kutoka dirishani. "Mimi tangu jana najua nimerogwa. Hata chakula kimenishinda."

"Nikuroge na asainmenti, mwalimu? Si ningetumia kitu ambacho sijakesha nikiandika?"

Nikaeleza. Nilieleza meza ya kioo, taa, mfumaji aliyenuna, mkasi. Nilieleza barua iliyobanduka. Mwalimu wa uhasibu aliiteremsha karatasi polepole, akarudisha rula zake mfukoni, na akakumbuka kwamba ana darasa.

"Sawa, basi ni kutoelewana," mkuu wa idara akasema, akirudisha kiti chake mezani. "Mama, wewe andika barua fupi ya kuomba msamaha. Mimi nitampa mwalimu mwingine asahihishe hii kazi upya. Tumalize."

"Hapana."

Nilishangaa mwenyewe jinsi lilivyotoka upesi.

"Hapana nini, mama?"

"Huyo mwingine atanipa kumi na tatu. Halafu? Bado sitajua. Mkuu, mimi sijaja kuomba maksi. Nimekuja kuonyeshwa kosa. Nikianguka tena mnanifukuza, na mimi sikatai, ni kanuni yenu. Lakini hamtanifukuza bila kuniambia nilikosea wapi. Hata kwa kiwanda mtu hafutwi hivyo."

Hapo mwalimu wangu akaweka mkoba chini. Uoga ulikuwa umemtoka, na kilichobaki kilikuwa hasira nzuri, safi.

"Kwani unafikiri mimi sijui kuandika maoni? Mama, unajua nafundisha vyuo vitatu? Unajua hizi karatasi zenu nasahihisha kwa treni, nikiwa nimesimama, mtu amenikanyaga?" Aliinama chini ya meza ya pembeni akavuta katoni ya mafuta ya kupikia, ikakwaruza sakafu. Ilikuwa imejaa karatasi hadi juu. "Hizi ni za muhula uliopita. Niliandika kila ukurasa. Nikabandika maksi ukutani, nikawaambia mje mchukue kazi zenu msome. Mlikuja wangapi?"

Nilijua tulikuja wangapi. Tulikwenda ukutani, tukatafuta namba zetu, wengine wakapiga picha kwa simu, tukaenda zetu. Hivyo ndivyo darasa zima la jioni lilivyofanya, muhula baada ya muhula, na hakuna aliyewahi kuona ajabu.

Alipekua katoni mpaka karibu na chini, akachomoa kazi moja, akaiweka mbele yangu. Ilikuwa yangu. Ile niliyoanguka nayo mara ya pili.

Pembeni, kwa penseli, kwa mwandiko mdogo unaoyumba kama gari la moshi lenyewe, alikuwa ameandika: "Nani amesema?" Ukurasa wa pili, tena: "Nani amesema?" Wa tatu mara mbili. Na mwisho: "Unajua kusimulia. Njoo tuongee kabla ya mtihani."

Niliisoma nikiwa nimesimama. Miezi saba ile karatasi ilikuwa imekaa chini ya meza ikiniita, nami nilikuwa nikipita kwenye korido ile ile mara tatu kwa wiki, nikilalamika kwa sauti kwamba hakuna anayenijali. Joto lilinipanda kutoka kwenye visigino. Mtu mwenye heshima angeomba msamaha hapo hapo. Mimi nikishindwa kwa hoja moja huwa naizunguka nyumba nikitafuta mlango mwingine.

"Basi kosa ni la ule ukuta," nikasema.

"Ukuta?"

"Mtu akishaona nambari, anasoma nini tena? Nambari ni kama mlango wa kutokea. Usibandike. Zoezi la pili turudishie karatasi na maneno peke yake. Tusome, tuandike upya, tulete. Ndipo uweke maksi."

"Darasa lako litanila."

"Linile mimi kwanza."

Mwalimu alimtazama mkuu wa idara. Mkuu wa idara alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akagundua kwamba sisi bado tuko.

"Zoezi moja," akasema. "Moja tu. Tuone."

Walinila. Habari ilifika darasani kabla yangu, na jioni ile nilipoingia nilipokewa kama mtu aliyeuza maji ya mtaa.

"Mathe, umetuuza!" jirani yangu wa dawati akasema akiwa amesimama, na akisimama yeye hata taa inapungua. "Kazi bila maksi? Hiyo ni pesilipu ya mwisho wa mwezi bila mshahara ndani!"

"Wewe ulipata tisa. Unaililia tisa?"

"Ni yangu! Wacha niione!"

"Na ukishaiona, inakwambia nini?"

"Inaniambia ni tisa!"

Darasa likacheka, lakini kicheko kilikuwa upande wake. Karani mmoja wa sacco, chama cha akiba na mikopo, mtu wa kunyoosha kola, alisema wengine tumekuja kutafuta cheti na si ushauri. Mlinzi mmoja alitaka nipelekwe kwa kiongozi wa darasa, akakumbushwa kwamba kiongozi wa darasa ni yeye. Aliyenitetea alikuwa mmoja tu, binti wa Kihindi aliyesimamia hadwea ya baba yake, duka la mabomba na misumari hapo Thika, na ambaye kwa kawaida hakusema zaidi ya "present."

"Kwa duka yetu," akasema, "mtu akirudisha bomba anatuonyesha inavuja wapi. Asipoonyesha, tutashona wapi?"

"Bomba haishonwi," mtu akamwambia.

"Si mnaona hata hiyo nimerekebishwa na sikuwekewa maksi?"

Nilikaa kwenye dawati langu kama malkia aliyepinduliwa lakini amekataa kutoka ikulu.

Kazi ya pili ilirudi baada ya wiki mbili. Mwalimu aligawa karatasi mwenyewe, dawati kwa dawati. Kila mtu alikimbilia ukurasa wa kwanza, juu, upande wa kulia, pale ambapo nambari hukaa. Palikuwa patupu. Wakapindua wa mwisho. Patupu. Nilimwona karani wa sacco akichungulia hata mgongo wa karatasi. Kisha, kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine cha kutazama, watu wakaanza kusoma.

Sijawahi kusikia darasa lile likiwa kimya vile. Hata miayo iliona haya.

Jirani yangu alisoma akisogeza midomo. Akarudia. Akakuna shingo.

"Anasema swali langu la utafiti liko tatu ndani ya moja."

"Ni kweli?"

Alihesabu kwa vidole vyake vya mlango. "Aki ni kweli. Na kuna la nne amepita hajaliona." Akainua mkono. "Mwalimu! Kuna lingine hapa, limejificha kwa koma!"

Mwalimu alikuja, akainama, akaona. "Umeniweza," akasema, na akaliandika kwa penseli. Yule mwanamume mkubwa alikaa wima jioni nzima, kama mtu aliyevalishwa nishani.

Mimi niliambiwa nibaki baada ya darasa. Alivuta kiti akaketi upande wa pili wa dawati langu, akatoa ile kazi yangu ya kwanza yenye nyuzi kumi na tisa, na mkasi mdogo wa kukatia kucha.

"Huu umefunga kwa nini?"

"Mwandiko hapo ni mbaya."

"Nausoma." Akaukata. "Na huu?"

"Nimerudia neno."

"Nani alikufa?" Akaukata. "Huu?"

"Sentensi ni ndefu."

"Ndiyo, lakini imefika." Akaukata.

Alikata moja moja akinipangia mezani. Kumi na tisa zote. Mimi, mkaguzi wa miaka kumi na mbili, mtu anayeona fundo la uzi akiwa amefumba jicho moja, niliwekewa nyuzi zote kumi na tisa. Kisha akachukua mmoja kati ya hizo, akafungua ukurasa wa kwanza, sentensi ya kwanza kabisa, ile niliyoipenda kuliko watoto wangu wengine, akafunga. Alifunga vibaya, fundo la mtu wa vitabu, lakini alifunga pale pale.

"Soma."

Nikasoma kwa sauti: "Wafanyakazi wote wa viwanda vya Thika huchelewa kazini kwa sababu mabosi wao ni wakali kama simba, na hakuna hata mmoja anayeipenda kazi yake."

"Wote?"

"Wote."

"Umewahesabu?"

"Mwalimu, hicho ni kitu kila mtu anajua."

"Nani amesema?"

"Si mimi nimesema! Ndiyo nimeandika!"

Hakucheka. Ningependa angecheka. "Kazini kwako mfumaji akikuuliza jora lina kosa wapi, unamjibu lote?"

Niliushika ule uzi. Nikalivuta fundo lake; lilikataa kufunguka.

"Nikiandika 'baadhi'," nikasema hatimaye, "nani atasoma? 'Baadhi' haina chumvi. Mtu analala katikati ya neno."

"Mimi nitasoma. Kisha ukitaka chumvi, weka kwa sentensi ya pili. Ya kwanza iwe kweli."

"Hata hivyo sikubali kwamba si kweli."

"Usikubali. Nenda ukaulize."

Nilikwenda kuuliza ili nimwaibishe. Hilo nalikiri. Kwa siku nane, saa ya chai, nilizunguka kiwanda na daftari nikiwauliza wenzangu kwa nini huchelewa, nikingojea kwa hamu simba wangu waje. Niliuliza watu thelathini na mmoja. Wanne walitaja mabosi. Wanne! Mmoja alisema anampenda bosi wake, na nilimwomba afikirie tena. Waliobaki wengi walisema maji. Kwenye ploti zao za kupanga maji ya mfereji hufunguliwa alfajiri tu, na asiyejaza mitungi saa hiyo hana maji mpaka kesho, kwa hivyo wanasubiri foleni kwanza, kazi baadaye. Nilikuwa nimefanya kazi na watu hao miaka kumi na mbili. Nilikuwa nimewaandika kurasa sita, mara tatu. Sikuwahi kujua habari ya maji.

Niliandika upya. Sentensi ya kwanza ilisema kwamba kati ya watu thelathini na mmoja niliowauliza, kumi na tisa walichelewa kwa sababu ya foleni ya maji. Ilikuwa kavu kama mkate wa juzi, na mwalimu alipoisoma alisimama katikati ya korido akairudia mara ya pili.

Wiki ya mwisho kabla ya mtihani alifunga laptopu yake mapema, akatutazama.

"Sasa mimi," akasema. "Nimewaambia makosa yenu muhula mzima. Niambieni yangu. Sitaki kusikia niko sawa."

"Uko sawa, mwalimu!" darasa likaitikia.

"Uko sawa kabisa," akaongeza karani wa sacco, ambaye angemwambia hata dereva aliyemgonga kwamba yuko sawa.

Mtihani ungesahihishwa na mkono ule ule. Kila mtu alilijua hilo, na hakuna aliyelijua kama mimi, kwa sababu wao wakiudhi mkono ule wangerudia somo na mimi ningerudi nyumbani. Jirani yangu alinikanyaga mguu chini ya dawati. Alinijua.

Nikasimama.

"Unatupa mgongo, mwalimu. Ukianza kueleza jambo gumu unageukia ubao na kuuambia wenyewe. Sisi wa nyuma tunasoma kisogo chako."

Mtu akavuta pumzi. Mwalimu hakutabasamu.

"Lini?"

"Jumanne iliyopita, ulipoeleza jinsi ya kuchagua watu wa kuuliza. Ulianza ukitazama ubao ukamaliza ukiufuta. Alhamisi ya kabla ya hapo, ulipoeleza maswali ya dodoso, vivyo hivyo."

"Wangapi hawakusikia?"

"Saba. Niliwauliza, na majina ninayo, lakini sitakupa."

Uso wake ulibadilika, na nitasema kweli, uliumia. Haukuwa uso wa mwalimu kwenye vitabu, anayefurahi kukosolewa. Alichukua kalamu ya ubao, akaizungusha mkononi. Nikaona miaka yangu mitatu na nusu ikizunguka pamoja nayo.

"Hao saba," akasema, "wasogee mbele. Ninaanza tena lile la Jumanne."

Akalieleza upya, ubao ukiwa nyuma yake, akituangalia usoni kiasi kwamba wawili watatu walilazimika kukaa vizuri. Mara mbili alisahau akaanza kugeuka. Mara ya pili jirani yangu akakohoa, kikohozi cha mtu wa makopo, na mwalimu akarudi mbele bila kusema kitu. Kisha akatupa kazi ya kufanya hapo hapo, na binti wa hadwea akaja ubaoni akaifanya, akakosea, akaonyeshwa, akarekebisha.

Mtihani ulikuja. Niliufanya kwa saa mbili bila kuandika neno "wote" hata mara moja, na mkono uliniuma kuliko siku yoyote kiwandani.

Matokeo yalibandikwa ukutani, maana ruhusa ilikuwa ya zoezi moja tu, na kwa mtihani chuo kilirudia ukuta. Nilipata hamsini na sita. Nilikuwa nimepita. Jirani yangu alipata hamsini na tisa, akanibeba juu mpaka nikaona vumbi lililokaa juu ya mlango, akapiga kelele ambazo nina hakika zilifika Juja na kurudi. Watu walipiga picha ukuta kwa simu zao. Mume wangu alipiga kuuliza kama anunue nyama.

"Nunua," nikamwambia, "lakini nitachelewa kidogo."

Nikapanda ngazi. Mwalimu wangu alikuwa anafunga mlango wa ofisi, mkoba begani, treni yake ikimngoja.

"Mama!" akasema. "Umeona? Umepita! Hongera, kabisa."

"Asante, mwalimu. Arobaini na nne zilienda wapi?"

"Nini?"

"Maksi arobaini na nne. Mtihani wangu uko ndani?"

"Mama, umepita. Nenda nyumbani."

"Nyumbani nitaenda. Nilikosea wapi?"

Alinitazama. Akatazama saa yake. Akasema kitu kwa Kikuyu ambacho sitakiandika hapa kwa sababu binti yangu siku hizi anasoma kila kitu. Kisha akarudisha ufunguo mlangoni, akaufungua, akawasha taa, na mimi nikavuta kiti.